Matembezi ya ayala Killarney: hela yangu imeenda kihalali, ya Wicklow sirudi

Naandika hii kwa Waswahili wenzangu tulioko Ireland, hasa wenye watoto, maana kila ikifika Oktoba naona watu wanaulizana kwenye magrupu waende wapi wikendi kuona ayala (deer) wakiunguruma. Nimeenda mara mbili, mwaka jana Wicklow na mwaka huu Killarney, kampuni mbili tofauti, na tofauti yake ni kubwa mno. Zote ni kampuni ndogo za watu wachache, majina siyataji, ila nikielezea walivyofanya kazi utajua cha kuuliza kabla hujatoa kadi ya benki.

Kwanza hili jina, maana nimeshasikia watu wanasema kulungu, wengine paa, wengine swala. Kulungu wetu wa nyumbani ni mnyama mwingine kabisa, pembe zake zikiota zimeota hazidondoki. Huyu wa huku ni ayala, yule wa Zaburi ya 42, dume anadondosha mapembe yote mawili kila mwaka kwenye majira ya kuchipua halafu anaota mapya. Kwetu Tanzania na Kenya hakuna ayala wa porini hata mmoja, ndo maana wengi hatuna neno mdomoni. Mimi nitasema ayala mpaka mwisho.

Sasa Wicklow. Tulilipa yuro 40 kwa mtu mzima, mtoto nusu, tukaanzia maeneo ya Glendalough, milima mizuri kweli, hilo sipingi. Tulikuwa watu 18 kwenye kundi moja, na kwa watu 18 hakuna mnyama atakayekusubiri, tunapiga kelele za makoti ya mvua tu zile za nailoni kila mtu akitembea. Tuliona ayala kama tisa hivi kwa mbali na mmoja karibu. Huyu wa karibu ndo kesi ilipoanzia. Kijana aliyetuongoza akasema hawa ni ayala wekundu wa asili wa Ireland, wamekuwepo hapa maelfu ya miaka. Binti yangu ana miaka 11, alikuwa ameshika darubini, akaniambia mama mbona huyu ana matako meupe kama kapakwa unga, na ana madoa madoa mgongoni kwa mbali. Akamuuliza yule kijana. Akajibiwa huyo bado mdogo, akikua madoa yanaisha. Mnyama mwenyewe alikuwa dume mzima na mapembe yake!

Sikuwa najua chochote wakati ule lakini nilijua tumedanganywa, au tuseme tumeongozwa na mtu asiyejua. Nilivyorudi nyumbani nikaanza kusoma, na nilivyosoma nikakasirika zaidi. Niliwaandikia, wakanijibu wanashukuru tumefurahia mandhari. Basi.

Nilichokuja kujua ni hiki. Mwaka 1860 kuna bwana mmoja mkubwa wa Wicklow, Viscount Powerscourt, aliagiza ayala wa Japani, wale wanaoitwa sika, dume mmoja na majike watatu tu, akawaweka kwenye bustani yake ya wanyama pale Powerscourt. Hao wanne wakazaana wakawa kundi, yeye akawa anagawia mabwana wenzake wenye mashamba makubwa, wengine wakapelekwa kaskazini, wengine Kerry, kaunti iliko Killarney. Na humo humo ndani ya bustani sika walianza kupandana na ayala wekundu waliokuwa wamefugwa pamoja nao. Halafu wakatoka. Ukuta wa bustani na mnyama anayeruka vile wapi na wapi. Wakaingia milimani, wakachanganyika, na watoto wao hawakuwa tasa kama nyumbu wa punda na farasi, hapana, walizaa vizuri tu, na watoto wa watoto wakazaa pia.

Mwaka 2014 watafiti walitoa matokeo ya vinasaba vya ayala 374 kutoka sehemu mbalimbali za kisiwa hiki cha Ireland. Wicklow karibu 4 kati ya kila 10 walikuwa machotara. Na kwenye wale wote wa Wicklow waliopimwa hakupatikana ayala mwekundu halisi hata mmoja. Hata mmoja jamani. Sasa wewe unachukua yuro 40 za mtu unasimama kwenye mlima huo huo unasema hawa ndo wale wa asili.

Mtu ataniambia mama nanii, ayala ni ayala, mtoto kafurahi, shida iko wapi. Mimi nimetoka Musoma. Bibi yangu alikuwa anaongelea ngege, samaki wa ziwani, kwa namna ambayo sisi wajukuu tulidhani anatia chumvi, utamu wake, mafuta yake, mchuzi wake usiohitaji kitu. Sisi tumekua tunakula sato. Sato aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akamsukuma ngege, na sehemu nyingine hakumsukuma tu, alizaa naye, mpaka leo kwenye vile viziwa vya pembeni walikobaki ngege kidogo kuna sehemu ukivua huwezi kuapa kama ulichoshika ni ngege au ni mchanganyiko. Kitu kimepotea na samaki bado wamejaa kwenye nyavu. Huo ndo upotevu mbaya kuliko wote kwa sababu hakuna anayelia msiba, sokoni samaki wapo, mlimani ayala wapo.

Ndo nikaanza kutafuta Killarney.

Safari yenyewe ni treni kutoka Dublin Heuston, unabadilisha Mallow, masaa matatu na kitu. Tulilala usiku mmoja kwa sababu matembezi yanaanza saa moja asubuhi na katikati ya Oktoba saa moja huku bado ni giza. Bei ni yuro 55 mtu mzima, 25 mtoto, ni ghali kuliko Wicklow nakubali, lakini wanachukua watu 6 tu mwisho. Unaambiwa mapema usivae koti linalopiga kelele, na asiyekuwa na jingine wanamuazima la sufu. Mimi niliazimwa, lilikuwa linanuka moshi na mbwa, lakini joto lake sijawahi kuliona.

Mwongozaji ni mzee, nakadiria miaka 70 hivi, aliwahi kuwa mwindaji, anaongea taratibu. Alitukusanya kwenye maegesho na kabla hatujapiga hata hatua moja akafungua begi akatoa mapembe mawili akampa binti yangu ayashike gizani kwa tochi. Moja zito, refu, matawi mengi, limekwaruzika kama gome la mti na ncha zake nyeupe zimelainika. La pili jembamba, fupi, matawi manne tu. Akamwambia funga macho, uniambie kwa mkono lipi ni la nani. La kwanza la ayala mwekundu, la pili la sika. Halafu akatoa la tatu. Hili lilikuwa katikati, uzito wa katikati, matawi matano, na akamuuliza hili je? Mtoto akasema sijui. Mzee akasema hata mimi sijui, hili nimeokota Wicklow.

Hapo hapo nikajua hela yangu iko salama.

Tulipanda njia ya msituni upande wa mlima Torc, miti ya mialoni imejaa kuvu za kijani mpaka kwenye matawi, maji yanadondoka kila mahali. Kabla hatujaona kitu tulisikia. Dume la ayala mwekundu linaunguruma kutoka tumboni kabisa, kama ng'ombe dume aliyekasirika anayekohoa, na sauti inagonga mlima inarudi. Binti akanishika mkono. Baada ya dakika kama kumi, kutoka msituni upande wa pili kabisa, ikaja sauti nyingine, nyembamba, inapanda juu kama mluzi halafu inashuka, kama bawaba ya mlango iliyokauka mafuta. Mara tatu. Mzee akasimama akainua kidole akanong'ona, huyo ndo sika.

Maana sika wapo na Killarney. Waliletwa 1865, dume na majike wawili, kutoka kule kule Powerscourt. Wako msitu mmoja na ayala wekundu zaidi ya miaka 150, wanasikia sauti za kila mmoja kila Oktoba, na kwenye ule upimaji wa 2014 ayala wa Kerry hawakukutwa na uchotara. Nilimuuliza mzee inakuwaje Wicklow walichanganyika na hapa hapana. Akasema mara nyingi mchanganyiko unaanza pale mmoja anapokuwa mchache. Madume ya sika yanatangulia kutafuta maeneo mapya, majike yao yanafuata nyuma miaka mingi baadaye, kwa hiyo dume linafika mahali halina jike la aina yake, lipo jike la ayala mwekundu tu, basi. Au mnawafungia pamoja kwenye uzio kama alivyofanya yule bwana wa Wicklow. Killarney kila upande una wenzake wa kutosha, ayala wekundu wengi wanakaa juu kwenye majani ya mlimani, sika wengi wanajificha msituni, na kila mmoja anaitika sauti ya kwao. Lakini akasema neno ambalo sijalisahau, kwamba huo siyo ukuta, ni mazoea tu, na mazoea yanaweza kuvunjika usiku mmoja. Jike mmoja, dume mmoja, usiku mmoja.

Binti akauliza sasa si mkimuona chotara mnamtoa? Hapa mzee alikaa kwenye gogo kabisa akachora kwenye matope kwa fimbo. Mtoto wa kwanza ni nusu kwa nusu, huyu unaweza kumjua kwa macho, umbo la katikati, madoa, yale matako meupe. Huyu nusu akizaa na ayala mwekundu, mtoto ana robo ya sika. Wa robo akizaa na mwekundu, thumuni. Ukifika thumuni na chini yake, unasimama mbele ya ayala mwekundu mzuri, mkubwa, rangi yake, mapembe yake, na ndani ana Japani, na hakuna mwindaji duniani atakayemjua kwa darubini. Maabara tu. Akasema ni kama maziwa kwenye chai, ukishamimina hakuna kijiko cha kuyatoa. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai ya rangi wakati huo, alikuwa ametumiminia kutoka kwenye chupa yake, na maziwa aliyaleta kwenye kichupa pembeni.

Na hawa wa Kerry wana nini cha kulindwa hivyo? Hili ndo lililonigusa kuliko yote. Utafiti wa vinasaba na wa mifupa ya zamani uliotoka 2012 ulionyesha ayala wekundu wa Kerry wametokana na wale walioletwa Ireland na watu wa kale wakulima, kama miaka 5,000 iliyopita. Yaani hata hawa ni wageni walioletwa kwa mashua! Fikiria mtu anavuka bahari na ndama wa ayala aliyefungwa miguu kwenye kijimashua cha zamani hizo. Ayala wekundu wa sehemu nyingine za Ireland wengi ni wa juzi juzi, wameletwa kutoka Uingereza na mabwana wenye mashamba, lakini wa Kerry ndo ukoo uliobaki wa safari ile ya kwanza. Na walikaribia kuisha kabisa, kufikia miaka ya 1960 na 1970 walikuwa wamebaki kama mia moja hivi au pungufu, leo ni mamia. Msimu wa kuwinda ayala wekundu unapofunguliwa nchini, Kerry haimo. Wengine walihamishiwa kisiwa cha Inishvickillane, kisiwa cha waziri mkuu wa zamani Charles Haughey, wawe akiba huko baharini ambako sika hafiki. Scotland nao walifanya kitu kama hicho kwa sheria, visiwa kama Arran, Jura, Islay na Rum ni marufuku kupeleka sika, kwa sababu bara huko Kintyre sika walioingizwa Carradale mwaka 1893 walishazaa na wekundu, na sehemu moja magharibi ya ziwa Loch Awe machotara ni wengi sana.

Kuna mama mmoja kwenye kundi letu, Mwairishi, alibisha. Akasema mchanganyiko ni maumbile, wanyama wanachanganyika tangu dunia iumbwe, na watu pia tunachanganyika na ni vizuri. Nilimsikiliza sana kwa sababu na mimi nilikuwa nalifikiria hilo hilo, mtoto wangu mwenyewe baba yake siyo wa kwetu, neno chotara nimelisikia likitupiwa mwanangu na watu wasio na adabu, na sikutaka kukaa mlimani nisikie mtu anahubiri usafi wa damu. Mzee hakukwepa. Akasema watu ni aina moja tu, popote ulipotoka ni aina moja, hapo hakuna mjadala. Hawa ni aina mbili zilizokaa mbali mbali kwa muda mrefu mno, na hazikukutana zenyewe, zilikutanishwa na mtu mwenye hela aliyetaka pambo la bustani. Sika Japani wapo, hawana neno. Huyu wa Kerry akimezwa hapa hakuna sehemu nyingine utakwenda kumchukua. Halafu akaongeza kitu ambacho kinaonyesha ni mtu mkweli, akasema na hawa wetu nao wana tatizo, walipita kwenye tundu la sindano, damu yao imekuwa nyembamba, wanafanana mno, ugonjwa ukija unaweza kuwapiga wote, kwa hiyo kuna siku watu watauliza je tuwaongezee damu kutoka kwa ayala wekundu wa kwingine, na swali hilo siyo jepesi. Yule mama akanyamaza, mimi pia nikanyamaza, tukanywa chai.

Tuliwaona saa mbili na nusu hivi, mwanga umeshatoka. Dume moja kubwa limesimama kwenye majani ya njano, mvuke unatoka mdomoni kila linapounguruma, shingo imejaa manyoya ya tope, majike kama kumi na mbili yanakula chini yake. Mzee alitufundisha vitu vya kuangalia: matako rangi ya maziwa ya mgando siyo meupe kabisa, hakuna mstari mweusi unaoyazunguka, na mguu wa nyuma chini kidogo ya goti hauna kile kidoa cha manyoya meupe ambacho sika anacho. Binti alikagua jike moja baada ya jingine kwa darubini, ananong'ona, huyu hana, huyu hana, huyu hana. Dakika arobaini hatujachoka.

Mapungufu yapo. Choo hakuna mpaka urudi mjini, na wenye watoto wadogo hili mlijue. Njia ina matope kweli kweli, buti za kawaida hazifai, mimi soksi ziliingia maji nusu saa ya kwanza. Kubuku ni kwa simu tu, na mzee hapokei jioni. Mtu mwenye shida ya magoti asijaribu njia ya Torc, aulize ile ya Knockreer, ni tambarare na ayala wekundu wanashuka huko pia. Na kama unataka picha za karibu karibu za kupost, nenda Phoenix Park hapo hapo Dublin, ni bure, ingawa wale ni aina nyingine tena, hawazaani na hawa wekundu.

Kabla ya kulipia matembezi yoyote ya ayala nchi hii, piga simu uulize swali moja tu: hawa tutakaowaona ni wekundu, sika, au machotara, na mmejuaje? Kule Wicklow kungekuwa na mtu wa kuniambia ukweli ningelipa hata sasa hivi, milima ya machotara ina habari kubwa ya kufundisha kuliko hata Killarney, ni vile tu wanaificha au hawaijui. Akikujibu kwa kirefu, lipa. Akisema ni ayala tu, funga simu.

Killarney nawapa nyota 5, Wicklow nyota 2, na hizo mbili ni za milima.

Juni tunarudi, ndo mwezi ndama wanazaliwa, wana madoa wote hata wale wekundu halisi, na binti ameshasema anataka kuona mzee atawatofautishaje. Jumamosi ya pili ya Juni nilivyopiga zilikuwa zimebaki nafasi mbili baada ya zetu.